Gazeti, ramani ya bima, kitabu cha anwani au picha: uanze na kipi unapochimba historia ya mji wa mtoni?

Wengi wanaoingia kwenye chumba cha nyaraka kwa mara ya kwanza huomba magazeti. Huandika jina la mto na neno "mafuriko" kwenye kisanduku cha kutafutia, wakaletewa maelfu ya kurasa, na jioni ikafika wamesoma mengi yasiyohusu walichokifuata. Gazeti ni chanzo kizuri, ila lafaa kushikwa la tatu au la nne. Mwenye kuanza nalo hajui bado anwani, hajui jina, hajui mwaka, na bila hivyo vitatu gazeti humpa kelele tu.

Tunalinganisha hapa vyanzo ambavyo maktaba nyingi za miji ya mtoni huwa navyo. Mifano mingi imetoka miji ya mito Ohio na Mississippi huko Marekani, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyaraka zake imekwisha kuwekwa wazi kwenye intaneti na yeyote anaweza kujizoeza nazo. Mwenye haraka aangalie jedwali hili kwanza.

| Unachotaka kujua | Shika kwanza | Hakiki kwa |
|---|---|---|
| Jengo lilikuwa la kazi gani, la mbao au la matofali | Ramani ya bima ya moto | Kitabu cha anwani |
| Nani aliishi au kufanya kazi pale | Kitabu cha anwani | Sensa |
| Picha ni ya mwaka gani | Picha yenyewe, pamoja na rekodi za kimo cha mto | Ramani ya bima |
| Siku fulani kulitokea nini | Gazeti | Rekodi za kimo cha mto |
| Kwa nini gati au tuta liliwekwa pale | Kumbukumbu za vikao vya baraza la mji | Gazeti |

Ramani ya bima na kitabu cha anwani

Hivi viwili ni pacha. Ramani inakuonyesha jengo lakini haimjui aliyekaa ndani. Kitabu kinamtaja mtu lakini hakijui nyumba yake ilikuwa na ukubwa gani. Namba ya nyumba ndiyo inayoviunganisha.

Ramani za bima zilichorwa ili kampuni ya bima ijue hatari ya moto bila kumtuma mtu kukagua kila jengo. Ndiyo maana zina mambo ambayo ramani ya kawaida haiyagusi kabisa. Kampuni ya Sanborn, iliyoanza mwaka 1867, ilichora miji midogo na mikubwa ipatayo 12,000 ya Marekani. Ya Goad ilifanya kazi hiyo Kanada na Uingereza. Karatasi ya Sanborn kwa kawaida ni inchi 21 kwa 25, na inchi moja ya ramani ni futi 50 za ardhi, kwa hiyo hata banda la uani linaonekana. Waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe, kijivu ni chuma au bati. Herufi D ni nyumba ya kuishi, S ni duka, na tarakimu ndogo kwenye kona ya jengo ni idadi ya ghorofa ukihesabu na ya chini. Mabomba ya maji ya barabarani yameandikwa upana wake. Ukurasa wa mwanzo mara nyingi hutaja idadi ya wakazi, upepo unaovuma zaidi na mahali mji unakopata maji yake, mambo ambayo kwa mji wa mtoni ni dhahabu.

Makosa hutokea sehemu tatu. La kwanza ni rangi. Ramani nyingi zilipigwa picha za mikrofilamu (picha ndogo mno za kurasa kwenye mkanda wa filamu) nyeusi na nyeupe, na baadhi ya hifadhi za kulipia bado zinatoa nakala hizo. Jengo la njano na la waridi hapo yanafanana, na mtafiti huishia kuandika kwamba mtaa mzima ulikuwa wa matofali. Tafuta nakala ya rangi. Library of Congress ya Marekani imeweka nyingi bila malipo. La pili ni viraka. Kampuni ilikuwa ikituma vipande vya marekebisho vikabandikwa juu ya karatasi ya zamani, kwa hiyo juzuu iliyoandikwa 1904 inaweza kuwa na majengo ya miaka ya 1940. Kabla ya kulipatia jengo tarehe, tazama kama jalada lina neno la marekebisho na mwaka wake, halafu inamisha karatasi kidogo kwenye mwanga: kiraka kina kingo na kivuli. Kwenye skani kivuli hicho hakionekani vizuri, na hii ni sababu moja nzuri ya kuomba karatasi halisi. La tatu ni kile kisichochorwa. Mchoraji alifuata mali iliyokatiwa bima au iliyotarajiwa kukatiwa, na vibanda vya maskini pembezoni mwa mji mara nyingi viliachwa. Nafasi nyeupe kwenye ramani isikufanye uandike kwamba hapakuwa na watu.

Kitabu cha anwani kilikusanywa na watu waliopita nyumba kwa nyumba, kikauzwa kwa wafanyabiashara. Kiliorodhesha watu wazima kwa alfabeti ya majina, kikitaja kazi na makazi yao, na matoleo ya baadaye yaliongeza sehemu ya mitaa inayokuruhusu kutembea nyumba moja baada ya nyingine. Sehemu hiyo ya mitaa ndiyo ya kuombwa kwanza ukiwa na anwani lakini huna jina. Kwa vitabu vya miaka ya nyuma ambavyo havina sehemu hiyo, itabidi ufungue alfabeti nzima na kupitisha kidole, kazi ya kuchosha lakini inayozaa.

Vifupisho vinatofautiana kutoka mchapishaji mmoja hadi mwingine, na ufunguo wake uko kurasa za mwanzo. Usiukisie. Kwenye vitabu vya Marekani "wid" ni mjane, "bds" ni mpangaji anayelishwa hapo hapo, na "h" ni nyumba anamokaa mtu kama mwenye kaya. Miji mingi iliweka pia alama ya "c" au "col" mbele ya majina ya watu weusi. Alama hiyo ya ubaguzi leo ndiyo inayomwezesha mtafiti kuona nani alisukumwa kukaa kwenye mitaa ya bondeni, ile inayofurika kwanza.

Taarifa zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kuchapwa, basi kitabu cha 1885 mara nyingi kinaeleza hali ya mwishoni mwa 1884 au mwanzoni mwa 1885. Wake walioolewa na watoto huwa hawamo. Wala hawamo, kwa sehemu kubwa, wale walioishi kwenye mashua zenye vibanda kando ya Ohio na Mississippi, kwa kuwa hawakuwa na namba ya mlango. Kwa hao tafuta picha na taarifa za polisi magazetini.

Kwa historia ya Marekani kitabu cha anwani kina uzito wa pekee: sensa ya 1890 iliharibiwa kwa sehemu kubwa na moto wa Januari 1921 mjini Washington, na kati ya sensa ya 1880 na ya 1900 ni vyanzo vichache vingine vinavyowataja wakazi wa kawaida mwaka hadi mwaka.

Sasa kazi yenyewe. Chagua kitalu kimoja tu (kundi la majengo lililozungukwa na mitaa) kinachotazama mto. Kwenye ramani andika kila namba ya nyumba, tuseme ziwe 20. Chukua vitabu vya anwani vya kila mwaka wa tano kwa miaka 40. Hivyo ni vitabu tisa, maana yake mistari 180 ya kujaza. Weka safu za mwaka, namba, jina, kazi, na ukurasa. Ukurasa usiuruke hata kama umechoka. Ukimaliza, mabadiliko yanajitokeza yenyewe: makanika wa meli za mvuke wanapungua, maghala yanaongezeka, na mwaka fulani namba sita zinatoweka kwa pamoja. Huo mwaka ndio wa kupeleka gazetini.

Kabla ya kusema jengo limebomolewa, hakikisha namba au jina la mtaa halikubadilishwa. Chicago ilibadili namba za nyumba zake karibu zote mwaka 1909. Cincinnati, mji wa kando ya Ohio, mwezi Aprili 1918, wakati wa chuki dhidi ya Wajerumani, iliondoa majina ya Kijerumani: Bremen Street ikawa Republic Street, na German Street ikawa English Street. Anayetafuta Bremen Street kwenye kitabu cha 1920 hatapata kitu, na anaweza kudhani mtaa ulisombwa. Miji mingi ilichapisha orodha ya namba za zamani na mpya. Muulize mkutubi kwa kuitaja hivyo hivyo.

Magazeti: programu ya kutafuta, mikrofilamu, au jalada la vipande?

Haya ni matatu, na yanajibu tofauti.

Programu ya kutafuta ni ya haraka, lakini inasoma alama zilizotambuliwa na mashine, haisomi ukurasa. Wino uliofifia, safu zilizobanana na neno lililokatwa mwisho wa mstari vyote huipoteza. Kwenye magazeti ya kabla ya 1800 hivi, s ndefu ya zamani inasomwa kama f. Kukosa matokeo basi si ushahidi wa jambo lolote. Mbinu inayosaidia ni kutafuta kitu chenye herufi ngumu kukosewa: jina la meli, namba ya nyumba pamoja na mtaa, jina la ukoo la jirani. Bana tarehe kwenye wiki tatu au nne. Kwa Marekani tumia Chronicling America, kwa Ufaransa Gallica, kwa Uholanzi Delpher, kwa Australia Trove ambako wasomaji wenyewe wanaruhusiwa kusahihisha makosa ya mashine. Zote ni bure. British Newspaper Archive ni ya kulipia, lakini maktaba nyingi za Uingereza humfungulia msomaji aliye ndani ya jengo.

Mikrofilamu inafaa ukishajua tarehe. Mkanda wa kawaida ni wa milimita 35 na urefu wa futi 100, na unabeba mamia ya kurasa. Kuupitia wote kwa macho ni kazi ya siku, ila kuifikia wiki moja ni dakika kumi. Faida yake kubwa ni kwamba unaona kilichozunguka habari. Magazeti ya miji ya mtoni yalikuwa na safu ya mto ya kila siku: kimo cha maji, meli zilizofika, zilizoondoka, zilizokwama kwenye mchanga. Safu hiyo ina maandishi madogo mno ambayo mashine huyavuruga vibaya, na ndiyo hasa unayoihitaji. Mkanda ukinuka siki mrudishie mkutubi umwambie, kwa kuwa aina hiyo ya plastiki imeanza kuoza na harufu ni dalili ya kwanza.

Jalada la vipande, yaani bahasha ambazo wakutubi wa miaka iliyopita waliwekea habari walizokata magazetini kwa mada, halimo mtandaoni mara nyingi na hata kwenye katalogi halionekani. Liulizie kwa mdomo. Ndani yake mtu alishakufanyia kazi ya miaka 30: daraja, gati, kiwanda cha barafu, kila kimoja na bahasha yake. Ubaya wake ni kwamba kipande hukosa tarehe au jina la gazeti. Geuza nyuma, tangazo la upande wa pili mara nyingi linataja siku.

Tahadhari moja ya miji ya mtoni peke yake: siku kubwa kuliko zote ndizo zenye pengo. Mafuriko ya Januari 1937 yalipoifunika zaidi ya nusu ya Louisville, mji mwingine wa Ohio, magazeti ya mji huo yalilazimika kuchapishwa kwenye mitambo ya mji mwingine, kurasa chache. Na maji huzifuata nyaraka hata baadaye. Mto Arno ulipofurika Florence, Italia, tarehe 4 Novemba 1966, makusanyo ya magazeti ya Biblioteca Nazionale Centrale, maktaba ya taifa mjini humo, yalikuwa miongoni mwa yaliyolowa. Swali la kumwuliza mhifadhi mapema ni hili: mafuriko yaliwapotezea miaka ipi? Akishakujibu, omba magazeti ya mji wa ng'ambo ya mto au ulio juu zaidi ya mkondo.

Picha: mto ndio kalenda

Picha ndizo hushawishi zaidi na ndizo hudanganya zaidi. Maelezo yaliyoandikwa nyuma kwa penseli huenda yaliandikwa miaka 50 baada ya tukio. Muhuri wa posta kwenye kadi unakupa tarehe ya mwisho inayowezekana, si ya kupigwa kwa picha. Mgongo wa kadi husaidia kidogo: Marekani iliruhusu mgongo uliogawanywa kwa mstari wa katikati kuanzia tarehe 1 Machi 1907, Uingereza tangu 1902, hivyo mgongo usiogawanywa kwa kawaida ni wa kabla ya hapo.

Mji wa mtoni una kipimo ambacho miji mingine haina: maji yenyewe. Mfano bora ni daguerotaipu nane (picha za aina ya awali, kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha) zilizopigwa na Charles Fontayne na William Porter wakiwa ng'ambo, Newport, wakiielekea Cincinnati. Sasa ziko kwenye maktaba ya umma ya Cincinnati. Meli zilizotia nanga, kimo cha maji na rekodi za safari za meli vilitumika kuibana siku, ikapatikana 24 Septemba 1848. Zilipokuzwa sana, saa ya mnara mmoja ilisomeka dakika tano kabla ya saa nane mchana.

Nawe unaweza kufanya hivyo kwa udogo. Tafuta kwenye picha kitu kinachosimama: ngazi za gati, nguzo ya daraja, mlango wa ghala. Hesabu maji yamefika wapi. Kisha nenda kwenye jedwali la kimo cha mto. Cincinnati, kwa mfano, ilifikia futi 71.1 mwaka 1884 na karibu futi 80 tarehe 26 Januari 1937. Picha yenye maji juu ya alama ya 1884 haiwezi kuwa ya mafuriko hayo, hata kama nyuma imeandikwa hivyo. Kwa Paris linganisha na mita 8.62 za Seine mwezi Januari 1910, na kwa St. Louis futi 49.58 za tarehe 1 Agosti 1993.

Hapa watu hukosea jambo dogo lenye madhara makubwa. Namba ya kimo si kina cha mto. Inahesabiwa kutoka sifuri ya kipimo, ambayo kila mji una yake, kwa hiyo futi 60 za mji mmoja na futi 60 za mji wa jirani havilinganishwi. Sifuri yenyewe huweza kuhamishwa. Na mabwawa hubadili maana ya maji haba: Ohio ulikamilishiwa mfumo wake wa mabwawa yanayoinua maji ili meli zipite mwaka 1929, kwa hiyo picha ya watu wakitembea juu ya mchanga katikati ya mto huo yaelekea ni ya kabla ya hapo.

Angalia pia kama picha imegeuzwa. Daguerotaipu nyingi huonyesha kushoto kulia, na kioo cha negativu ni rahisi kuchapwa kinyume. Soma mabango ya maduka kwa kioo cha kukuzia. Yasiposomeka, jiulize mto unapaswa kutiririkia upande gani ukisimama kwenye ukingo ule.

Vikao vya baraza, na sauti zilizorekodiwa

Kumbukumbu za vikao ni za polepole kuliko zote. Zimeandikwa kwa mkono, na faharasa yake, kama ipo, hufuata jina la mwombaji badala ya mahali. Ila ndizo pekee zinazojibu "kwa nini": nani aliomba ushuru wa gati upunguzwe, nani alipinga tuta lisipite mbele ya ghala lake, lilikataliwa mara ngapi. Usizifungue bila mwezi mkononi. Chukua mwezi kutoka gazetini, rudi nyuma vikao vitatu, kwa sababu hoja ilianza kabla ya kura.

Mahojiano yaliyorekodiwa yatumie kwa yale ambayo hakuna karatasi iliyoyashika, kama harufu ya gati au jina la utani la mtaa. Kwa tarehe usiyaamini. Mafuriko mawili huungana kuwa moja kwenye kumbukumbu ya mtu.

Nyumbani au maktabani?

Kilichoko mtandaoni ni sehemu ndogo ya kilichoko kwenye makasha, lakini anza nyumbani: ramani za rangi, vitabu vya anwani vya zamani visivyo na hakimiliki, na mwongozo wa kila mkusanyo unaotaja kasha na kabrasha. Mwandikie mkutubi ukitaja mtaa, miaka, na ulichokwisha kuangalia. "Nataka historia ya mto" humlazimu akuulize maswali matano. "Kitalu cha 100 cha Front Street, 1870 hadi 1910, nimeshaona ramani" humfanya akutolee makasha. Uliza pia kama vitu vimehifadhiwa nje ya jengo, kwa kuwa kuvileta huchukua siku kadhaa.

Ukifika, penseli tu, kabrasha moja mezani kwa wakati mmoja, na karatasi zibaki katika mpangilio uliozikuta. Kwa karatasi na vitabu, mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo hufanya vidole visihisi ukingo hata kurasa zikachanika. Glavu ni za picha na negativu. Usitumie mwako wa kamera. Kila unapofungua kabrasha jipya, piga kwanza picha ya lebo yake, ndipo upige yaliyomo. Usipofanya hivyo utakuwa na picha 300 ambazo huwezi kusema zimetoka wapi, na mkutubi hataweza kukusaidia.

Mwenye siku moja tu asiguse mikrofilamu asubuhi. Saa mbili za kwanza ziwe za ramani ya bima, karatasi moja, kitalu kimoja. Mbili zinazofuata ziwe za vitabu vitatu vya anwani: mwaka wa ramani, miaka kumi kabla, miaka kumi baada. Baada ya mapumziko omba jalada la vipande la mtaa huo, kisha mkanda mmoja wa gazeti kwa wiki moja uliyoipata. Picha ziwe za mwisho, kwa sababu saa hizo utakuwa tayari unajua mlango gani ulikuwa wa nani.